Zamhariri: baridi ya ncha ya dunia iko juu ya Mwanza

Alfajiri ya Julai, kipimajoto cha Mwanza kikisoma nyuzi 15 au 16, Kirumba nzima imevaa sweta na kila salamu inabeba neno baridi. Saa hiyohiyo kituo cha Vostok, katikati ya Antaktika, kinaweza kuwa nyuzi 70 chini ya sifuri, na mtangazaji akiisoma habari hiyo redioni atatumia neno lilelile, labda amelisindikiza na "kali". Kati ya sweta ya Kirumba na Vostok kuna zaidi ya nyuzi 80. Baridi imebebeshwa mzigo wote huo peke yake, ilhali kuna neno jingine ambalo wengi wa hapa wamekwisha kulisikia, hasa wanaowahi msikitini Alfajiri ya Ijumaa: zamhariri.

Ijumaa alfajiri ni sunna kusoma Sura ya As-Sajda katika rakaa ya kwanza na Al-Insan katika ya pili. Al-Insan ni sura ya 76, na katika aya yake ya 13 ndimo neno hili lilimo, mara moja tu katika Kurani nzima: watu wa peponi wameegemea makochi, hawaoni humo jua wala zamharir. Tafsiri za Kiswahili huandika "baridi kali" hapo. Si kosa, ila ni tafsiri iliyopunguza dozi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wasomaji wa Kiswahili. Aya iliyotangulia, ya 12, inaishia na neno hariri, ile nguo laini, na hii ya 13 inaishia na zamharira. Zinapita masikioni kama mtu na mdogo wake, na mtu anaweza kudhani zamhariri ni aina fulani ya hariri. Hazina undugu. Hariri imeandikwa kwa ha nzito ya kooni (ح), zamharir kwa ha nyepesi (ه). Kiswahili kikishaziweka zote mbili kwa herufi moja, alama hiyo inapotea, na ndiyo maana ni vizuri kuijua kabla ya kuanza kulitumia.

Anayetaka kulitafuta katika kamusi ya Kiarabu ajue shina lake ni la herufi nne: z-m-h-r. Katika kamusi za siku hizi litafute chini ya herufi zay. Katika Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, aliyefariki 1311, ukianzia zay utapekua hadi uchoke, kwa sababu kamusi ile imepangwa kwa herufi ya mwisho ya shina. Nenda mlango wa ra, kisha humo ndani kifungu cha zay. Utakuta kitenzi izmaharra na matumizi yake kadhaa yaliyotapakaa: siku imekuwa na baridi isiyovumilika, macho yamewiva kwa hasira, uso umekunjamana, nyota zimewaka kwa nguvu. Sura hiyohiyo ya Al-Insan, aya ya 10, ina neno lililofinyangwa kwa umbo hilohilo, qamtarir, linaloielezea siku ya Kiyama kuwa siku iliyokunja uso. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiarabu anapofika aya ya 13 tayari ana mlio wa ukali masikioni.

Nyota na baridi kukaa katika kitenzi kimoja kunawashangaza baadhi ya watu. Mimi hakunishangazi. Jangwani anga likiwa safi na hewa kavu, ardhi hutoa joto lake usiku kucha likapanda moja kwa moja, bila wingu wala mvuke wa kulirudisha chini. Usiku wenye nyota nyingi ndio usiku wa kuganda. Hata huku, Julai yenye anga jeupe hushinda kwa baridi ya alfajiri usiku wa mawingu wa Aprili, ingawa ziwa linatusitiri: maji yake hukaa na joto la mchana na kulitoa taratibu, ndiyo sababu Mwanza mjini hapafikii baridi ya vijiji vilivyo mbali na ufuko.

Wapo wanaosema asili ya neno si Kiarabu bali ni Kiajemi, kutoka zam, yaani baridi, silabi ileile iliyomo katika zemestan, majira ya baridi ya Iran. Silabi hiyo ina ukoo mkubwa: ni jamaa ya hima ya Kisanskriti, yaani theluji, ambayo iko ndani ya jina Himalaya. Hoja inavutia, na Kiarabu kimekopa mengi kutoka Uajemi. Kinachonifanya nisiikumbatie ni kile kitenzi chenye macho mekundu na nyuso zilizokunjamana. Neno la mkopo kwa kawaida haliji na familia pana hivyo. Ila Kiarabu kinajua sana kulivisha neno geni kanzu ya kienyeji, kwa hiyo mlango sijaufunga.

Maana ya pili ndiyo isiyojulikana kabisa. Wafasiri wa Kurani, akiwamo az-Zamakhshari na al-Qurtubi, wanataja kwamba katika lahaja ya kabila la Tayyi zamharir ni mwezi. Wanatoa ushahidi wa ubeti wa mtu aliyekata safari usiku wa giza nene, zamharir ikiwa haijachomoza. Mvuvi wa dagaa angeuelewa usiku huo bila kufafanuliwa, maana ndio anaoutafuta. Mwezi ukiwa mpevu taa za mvuvi hazivuti kitu. Kwa maana hiyo aya inageuka: peponi hakuna jua wala mwezi, nuru yake haihitaji taa za angani. Wafasiri wengi wameshika ile ya baridi, nami nipo nao, kwa sababu jua hapo limesimama mahali pa joto, na mwenzake anapaswa kuwa baridi.

Halafu kuna hadithi ya Abu Hurayra, iliyopo kwa Bukhari na Muslim. Moto ulimshtakia Mola wake kwamba sehemu zake zinalana, ukaruhusiwa pumzi mbili, moja wakati wa kipupwe na moja wakati wa kiangazi. Joto kali kabisa mnalolipata na zamharir kali kabisa mnayoipata vinatokana na pumzi hizo. Imepokewa pamoja na maelekezo ya kuichelewesha Adhuhuri joto likizidi, na kitenzi kilichotumika ni abridu, ipozeni. Shina lake, b-r-d, ndilo lililotupa baridi yetu. Maneno yote mawili yamo katika pokezi moja, kila moja na kazi yake: b-r-d ni kupoa kunakotakiwa, zamharir ni adhabu. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoipoteza tulipochukua moja na kuacha jingine.

Tulichukua kulingana na tulichokihitaji. Barafu ni barf ya Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Ganda gumu la maji wao huliita yakh. Theluji tumeitoa kwa thalj ya Kiarabu. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa msafara hakuwa na jina la kile cheupe kilichokuwa kileleni, akamjibu kwa neno moja: baridi. Lugha za kandokando ya ziwa nazo hazikuhitaji zaidi. Waganda wana empewo, Wahaya embeho, na humo upepo na baridi vimekaa pamoja, kama inavyostahili mahali ambapo baridi huletwa na upepo wa ziwani.

Jirani zetu wa mbali walilipokea. Waturuki wana zemheri, nacho ni kipindi chenye tarehe: siku takriban 40, kuanzia 22 Desemba hadi 31 Januari. Mtu anayevaa nguo nyepesi katikati ya kipindi hicho ili aonekane nadhifu humwita twiga wa zemheri. Twiga huyo aliingia kwa bahati mbaya, kwa kuwa neno la zamani la watanashati, zurefa, linafanana na zürafa, yaani twiga.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoihusu Mwanza kuliko Siberia. Katika karne ya 10, kundi la wanazuoni wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa waligawa hewa inayoizunguka dunia katika tabaka tatu. La juu kabisa, lililopakana na falaki ya mwezi, yaani njia yake angani, waliliita athir, nalo ni la joto kali. La chini, tunalopumua, ni nasim, la wastani. La katikati wakalipa jina zamharir. Hoja yao ilikuwa kwamba jua huipasha ardhi moto, ardhi nayo huipasha hewa iliyo karibu. Ukipanda juu unaiacha ardhi, na bado hujaufikia moto wa juu, kwa hiyo katikati pameganda. Humo ndimo walimoweka mawingu, mvua na mvua ya mawe.

Ukiondoa falaki ya mwezi, hawakukosea sana. Hebu piga hesabu ukiwa umesimama Capri Point hapa Mwanza, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, joto nyuzi 25. Hewa hupoa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Sifuri utaikuta kwenye kilomita ya 5 kutoka usawa wa bahari. Ndege ya mapanga inayokwenda Dar es Salaam kwenye kilomita 7.5 ina nyuzi 16 chini ya sifuri nje ya dirisha. Ya jeti ikiwa kilomita 11, nje ni 40 chini ya sifuri. Endelea mpaka kilomita 16 au 17, ambako kupoa kunakoma na joto linaanza kupanda tena. Mpaka huo unaitwa tropopozi. Juu ya ikweta hewa ya hapo huwa karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwenye ncha za dunia tropopozi iko chini zaidi, kilomita 8 au 9, na mara nyingi haipiti nyuzi 50 au 60 chini ya sifuri. Yaani ukipanda wima kutoka Mwanza unafika penye baridi kuliko ukipanda kutoka Aktiki hadi mpaka wake. Sababu ni kwamba joto la ikweta huisukuma hewa ipande mbali zaidi kabla ya kukoma, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyotanuka na kupoa.

Mvua ya mawe ndiyo kipande cha zamhariri kinachotufikia. Matone madogo ya maji safi hayagandi yakifika sifuri. Ndani ya wingu yanaweza kubaki majimaji hadi nyuzi 38 hivi chini ya sifuri, yakisubiri kitu cha kugusa. Chembe ya barafu ikipita katikati yao, yanaganda juu yake hapohapo, tabaka kwa tabaka. Pumzi ya wingu inayopanda ikiwa na nguvu, jiwe hubaki juu likinenepa. Pumzi ikishindwa kulibeba, linaanguka. Machi 2015 mvua ya namna hiyo iliua makumi ya watu katika kijiji cha Mwakata, Kahama. Ukilipasua jiwe kubwa la mvua utaona pete: nyeupe kama maziwa pale lilipoganda haraka na kufungia vipovu vya hewa, angavu pale maji yalipopata muda wa kutambaa kabla ya kuganda.

Ziwa lenyewe ni kiwanda cha mawingu hayo. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote za ufuko kuelekea katikati na kukutana hapo, hewa yenye mvuke haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu dhoruba kali za Ziwa Victoria hupiga usiku wa manane na alfajiri, wakati wavuvi wako kazini. Vilele vya mawingu hayo hupanda hadi kuitoboa tropopozi, na setilaiti huvitambua kwa ubaridi wake: kadiri kilele kinavyosomeka baridi, ndivyo chini kulivyo na hatari.

Chini huku, baridi ya kutengenezwa inayoikaribia zamhariri inapatikana katika viwanda vya minofu ya sangara. Chumba cha kugandishia huwekwa kati ya nyuzi 35 na 40 chini ya sifuri, feni zikipuliza hewa mita 5 hivi kwa sekunde, hadi kiini cha mnofu kifike 18 chini ya sifuri. Haraka hiyo ina sababu. Sehemu kubwa ya maji ya samaki huganda kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri. Mnofu ukipita hapo polepole, chembe za barafu hukua, zikatoboa nyama. Siku ya kuyeyushwa unavuja maji na kubaki kama sifongo. Ukipita hapo upesi chembe hubaki ndogo na nyama inashikamana.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mlango. Hewa ya Mwanza yenye nyuzi 25 na unyevu wa wastani ina gramu 16 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 35 chini ya sifuri haiwezi kushika zaidi ya gramu 0.2. Mlango ukiachwa wazi wakati wa kusukuma toroli, mvuke wote huo unatafuta pa kuganda, na pa kwanza ni koili za mtambo. Sakitu, yaani mvuke ulioganda, inajaa katikati ya mapezi ya koili, feni zinapuliza ukuta, chumba kinapanda hadi 28 au 25 chini ya sifuri, na mzigo uliotakiwa kuiva usiku unaamkia asubuhi nje mgumu, ndani laini. Dawa ni mapazia ya plastiki mlangoni, toroli zipangwe kabla ya kufungua, na sakitu iyeyushwe kwa ratiba. Usiigonge kwa nyundo: bomba likipasuka, gesi inavuja.

Mnofu usiofunikwa vizuri huota madoa makavu meupe, kana kwamba umeunguzwa. Barafu iliyo juu ya nyama hugeuka mvuke bila kupitia maji, nyama inakauka, mafuta yanachacha. Ndiyo maana minofu hutumbukizwa kwenye maji safi ya baridi baada ya kuganda, ipate koti jembamba la barafu. Koti ndilo linalokauka, nyama inapona. Ngozi ya mtu nayo huungua na baridi. Mkono mtupu wenye unyevu ukishika chuma cha nyuzi 35 chini ya sifuri unanata. Kidole kikiwa cheupe, kigumu, hakisikii kitu, usikisugue na usikisogeze kwenye jiko, kwa kuwa hakitakuambia kinapoungua. Kiloweke katika maji ya nyuzi 37 hadi 39 hadi rangi irudi, kama nusu saa, na maumivu yatakuwa makubwa, kisha hospitali. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena kabla ya kufika, ni bora kisiyeyushwe kwanza.

Basi zamhariri ianzie wapi? Pendekezo langu ni nyuzi 40 chini ya sifuri, na lina msingi. Karibu na hapo matone ya maji hayana tena ujanja wa kubaki majimaji. Zebaki huganda kwenye 38.8 chini ya sifuri, kwa hiyo kipimajoto cha zebaki kinakufa na inabidi kutumia cha spiriti. Na kwenye 40 kamili, Selsiasi na Farenhaiti husoma namba moja, kwa hiyo hakuna ubishi wa vipimo. Oymyakon ya Siberia, iliyopimwa 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933, imo. Vostok, yenye rekodi ya 89.2 chini ya sifuri ya tarehe 21 Julai 1983, imo kwa mbali. Pale mwinuko wa karibu mita 3,500 na bara zima la barafu husaidiana, wakati Aktiki chini ya barafu yake kuna bahari inayoipa joto. Kilele cha Kibo hakimo, hata usiku wake mbaya kabisa. Hicho kiachiwe barafu na theluji.

Katika Yakutia, jimbo la Siberia, baridi ikipita nyuzi 50 hivi chini ya sifuri, mvuke wa pumzi huganda hewani na kutoa mchakacho mwembamba ambao wenyeji huuita mnong'ono wa nyota. Nyota tena, kama katika izmaharra. Ni sadfa, lakini ya kupendeza.

Kwa wanaoandika: neno liishie na i, zamhariri, kama baridi na hatari zilivyofanya, mkazo uwe kwenye ri ya kwanza. Usiandike zamharira, ile a ya mwisho ni irabu ya Kiarabu iliyotakiwa na sarufi ya aya, haihami na neno. Ngeli yake ni ya baridi: zamhariri hii, zamhariri imetanda. "Zamhariri kali" ni kurudia, mwache "kali" apumzike. Na taarifa ya habari ingesomeka hivi: "Zamhariri ya nyuzi 62 imefunga shule Yakutia, na Mwanza kesho asubuhi kutakuwa na baridi ya nyuzi 16."